Wito wa harambee: tuwapime watoto wa ukoo huu mioyo yao

Assalamu alaykum, ndugu zetu wa Kibokoni na mitaa yote ya Mji wa Kale.

Mwanafunzi mmoja wa madrasa yetu amezirai mara mbili akiogelea. Mara ya kwanza tulidhani ni jini, akasomewa. Mara ya pili akaandikiwa dawa za kifafa, akazimeza kwa muda mrefu bila kupata nafuu. Jibu lilikuja kutokana na kipimo cha ECG, kile cha kubandikwa nyaya kifuani, kilichoonyesha kwamba moyo wake huchelewa kujiweka sawa baada ya kila pigo. Madaktari huiita hali hiyo QT ndefu, nayo humpata takriban mtu 1 kati ya 2,000.

Mapigo ya moyo huongozwa na umeme unaotokea pale chembechembe za potasiamu na sodiamu zinapopita katika milango midogo ya seli, na milango hiyo huundwa kwa maelekezo ya jeni tunazorithi. Kasoro ya jeni ya KCNQ1 huleta hatari hasa mtu anapokimbia au kuogelea; ya KCNH2, anaposhtuliwa na sauti ya ghafla, hata ya saa ya kumwamshia alfajiri; ya SCN5A, mara nyingi akiwa amelala. Watoto wetu hawaachani na maji, na mjomba wa kijana huyu, aliyekuwa hodari wa kupiga mbizi, alizama tukasema ni ajali. Leo hatuna hakika tena.

Mzazi mwenye kasoro hii humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Wengine huishi nayo mpaka uzeeni bila dalili, na wapo ambao hata ECG yao huonekana ya kawaida, ndiyo maana tunataka kijana apimwe jeni kwanza, kisha ndugu zake watano na wazazi wao watafutwe kasoro ileile. Twasema kweli mapema: hazina za kumbukumbu za jeni duniani zimejaa zaidi watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo majibu ya Mwafrika huweza kurudi bila uamuzi kamili, na hapo kupima ukoo mzima husaidia kuyaelewa. Atakayegunduliwa ataanzishiwa dawa kama propranololi, ambayo hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa, na ataelezwa dawa za kuepuka, ikiwemo erithromaisini.

Twaomba kila nyumba itoe shilingi 500, au zaidi kwa aliyejaliwa. Mweka hazina wa kamati atapokea michango kila Ijumaa baada ya swala, akina mama watamkabidhi mwakilishi wao, na kila mchango utakatiwa risiti.

Na nyumba yoyote iliyo na mtu aliyewahi kuzirai akikimbia, akiogelea au akishtuka, hata kama haina senti ya kutoa, imwone katibu wetu. Jina halitatangazwa, naye tutamtafutia nafasi ya ECG pamoja na watoto hawa.