Stesheni za zamani msizivunje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba, maadamu treni ya mwendokasi imefika Dodoma, stesheni ndogo za reli ya zamani zivunjwe, mabati na vyuma viuzwe kama chuma chakavu. Niliisoma barua yake kibarazani hapa Tabata, chai ikanipoea mkononi.

Mimi nilianza kazi ya reli 1974, enzi za Afrika Mashariki moja, nikastaafu nikiwa fundi wa injini za dizeli. Mjukuu wangu anajua ugonjwa wangu, hunitafutia picha za treni kwenye simu. Ndivyo nilivyokijua kimji cha Thurmond, jimbo la West Virginia, Marekani, ndani ya korongo la mto New River kwenye milima ya Appalachia. Kimji hicho hakina barabara kuu mbele ya maduka yake. Ingepita wapi? Mlima huku, mto huku. Ukitoka mlango wa benki, unakanyaga kokoto za reli.

Ardhi yenyewe, ekari 73, Kapteni W. D. Thurmond alilipwa 1873 kwa kazi ya upimaji. Mwaka huohuo reli ya Chesapeake and Ohio ilikamilika korongoni, na baadaye makaa ya mawe yakaanza kushuka milimani. Enzi za neema treni za abiria zilifika 15 kwa siku, abiria hadi 95,000 kwa mwaka. Mzee Thurmond alikuwa Mbaptisti, hakutaka pombe kwenye ardhi yake. Basi watu wakavuka mto, wakaenda kulewa na kucheza karata Dun Glen, hoteli ya vyumba 100. (Kwetu Kimamba tulikuwa na mtindo huo, ila sisi tulivuka reli tu.)

Hoteli iliungua 1930, na mdororo wa uchumi ukaiua benki moja. Kisha ikaja dizeli. Injini ya moshi ni kama ng'ombe: inyweshwe maji, ilishwe makaa, izolewe majivu. Kila kazi ina mtu wake, na mtu huyo ana familia inayonunua sukari dukani. Dizeli haitaki hayo, inapita zake. Mimi niliyesomesha watoto kwa dizeli naona haya kidogo kuandika hivi. Sensa ya 2020 iliikuta Thurmond na watu watano. Watano, Mhariri! Bajaji mbili zinawabeba na nafasi inabaki.

Lakini stesheni yao ya 1904 haikuuzwa chuma chakavu. Idara ya hifadhi za taifa iliikarabati, na tangu 1995 inapokea wageni. Treni ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, bado hupita siku tatu kwa wiki. Mwenye tiketi akiwapo, inasimama, asipokuwapo, inapita.

Kimamba, wilaya ya Kilosa, ndiko nilikozaliwa, katikati ya mkonge. Miaka ya mwanzo ya uhuru nchi yetu iliongoza duniani kwa zao hilo, mpaka kamba za plastiki zilipoliangusha. Mama yangu aliuza maandazi dirishani mwa mabehewa. Alijua treni imechelewa kabla ya stesheni masta kutangaza, maana maandazi yalikuwa yanapoa kwenye beseni. Mwaka jana nilipanda mwendokasi kwenda Dodoma, safari nzuri, sina neno. Nilibandika uso kiooni baada ya Morogoro nikiitafuta Kimamba, na kabla sijavaa miwani tukawa tumeshaingia kwenye handaki.

Siombi treni ya reli ya zamani isimame kila mahali kila siku. Naomba ifanyike kama Thurmond, abiria akiwapo isimame, na nyumba ya stesheni iachwe. Ubao wa jina la Kimamba nilipouona mara ya mwisho ulikuwa umepauka, ila unasomeka. Kopo moja la rangi linatosha, nitalinunua mimi.

Mstaafu wa reli,
Tabata, Dar es Salaam