Jose, hilo sinki linamwaga wapi?

Oya Jose, mambo vipi kaka, picha za maabara yenu mpya nimeziona, hongera sana, na hiyo filta yenu yenye nano ya fedha, zile chembe ndogo mno za madini ya fedha, ya kuua bakteria kwenye maji itafika mbali wallahi. Ila picha ya tatu imeninyima raha, ile unasuuza vyombo kwenye sinki huku unacheka.

Sikulaumu, hata mimi nisingeuliza kama si yaliyonikuta kule nilikofanya fildi. Tulikuwa tunashika nanotyubu za kaboni, vibomba vidogo mno vya kaboni, kwa macho ni unga mweusi mwepesi balaa, ukipiga chafya tu umeruka wote, sisi tuna barakoa, glavu na koti halafu jioni anaingia mama wa usafi anafagia kavukavu, puani hana hata kitambaa, na unga ule haufagiwi unafutwa na kitambaa kibichi, nani amemwambia? Miezi mitatu nampa shikamoo napita. Siku moja akaniuliza, mwanangu hili vumbi la mkaa? Nikamjibu eeh mama, kama mkaa tu. Na nilikuwa nishasoma ule utafiti wa 2008, panya walidungwa nanotyubu ndefu tumboni zikawafanyia kama asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yanayoleta saratani! Halafu 2014 IARC, wale wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, wakaiweka aina moja, MWCNT-7, kundi la 2B, la vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani. Nilijua nikanyamaza.

Najua utanirukia, fedha sio nanotyubu. Sawa. Lakini hukohuko 2008 watafiti wa Arizona walifua soksi zenye nano fedha, zile za kuzuia harufu, na kuna nyingine zilifuliwa mara nne tu fedha karibu yote ikawa imeondoka na maji. Na kinachoua bakteria hakichagui kaka, hakijui huyu ni wa kipindupindu huyu ndo anatusafishia majitaka bwawani.

Fomu ya maadili najua umejaza, binadamu hapana, wanyama hapana, sahihi, umepita. Sinki halina kisanduku pale. Kwa hiyo kwenye kikao chenu cha wiki we uliza tu kama mjinga, maji ya kusuuzia yanaenda wapi, na filta ikichoka huyo mteja anaitupa wapi, supavaiza akiguna kuhusu bajeti mwambie dumu lenye lebo la kukusanyia maji hayo sio mashine ya mamilioni. Mtu wa PhD akiuliza wale wa masta nao wataanza kuuliza, sisi pale hakuna aliyeanza.

Yule mama nilirudi kumtafuta mwaka jana, nikaambiwa kampuni ya usafi ilishabadilishwa na namba yake hakuna mwenye nayo.

Haya nisalimie shemeji, na nijibu la sinki usinijibu mpira.

Wako,
Kessy