Kabla hujalichimba gita lako kutafuta sauti nyingine

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliingia karakanani, akalaza gita lake juu ya meza yangu mbele ya wateja wengine, akasema: "Fundi, umekula hela yangu." Mwezi uliotangulia nilimfungia hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, kwenye Stratocaster yake (gita la Fender tunaloliita Strat), upande wa daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye bodi. Alikuwa anatafuta ule uzito wa sauti ya Les Paul, gita la Gibson. Akaenda nalo kwenye harusi, akarudi anasema gita ni lilelile, limeongezeka nguvu tu.

Iliniuma. Kazi ile niliifanya kwa mkono wangu, kila waya nikaupima kwa mita kabla sijarudisha kifuniko, na kabla sijagusa skrubu hata moja nilimwambia: utapata Strat yenye hambaka, Les Paul hutapata. Hata kwenye risiti niliandika hivyo. Lakini malalamiko haya nimeshayasikia mara nyingi mno, kwa hiyo naona bora niyaeleze hapa kwa urefu, kila mtu asome kabla ya kuleta gita.

Watu wengi wanaamini sauti yote inakaa kwenye pikapu, kile kifaa cha sumaku na koili chini ya nyuzi kinachonasa mtetemo wake. Tuchukue hayo magita mawili. Kwenye Strat, uzi kutoka nati (kile kipande chenye mifereji mwisho wa shingo, upande wa kichwa) hadi daraja una milimita 648. Kwenye Les Paul ni kama 628. Hizo milimita ishirini unaziona ndogo, ila zinafanya uzi uleule wa Les Paul, kwa noti ileile, uwe umelegea zaidi chini ya kidole na utoe sauti ya mviringo zaidi. Strat shingo yake imefungwa kwa skrubu, daraja lake la kawaida linaning'inia kwenye springi. Les Paul shingo imegundishwa, daraja limesimama imara juu ya mbao nene. Hata poti za voliamu, zile za kuzungusha, ni tofauti: kwa kawaida Strat ina za kilo-ohm 250, Les Paul za 500. Ukibadilisha pikapu peke yake, hayo mengine yote yamebaki pale pale. Na jambo hili wengi hawalijui: Les Paul ilipotoka mwaka 1952 haikuwa na hambaka kabisa. Ilikuwa na pikapu za koili moja, zile pana, na Gibson wakaja kuifungia hambaka mwaka 1957. Sauti yake ilikuwa nzito tangu mwanzo.

Sasa, kabla sijakuuzia chochote, kuna kazi ndogo ambayo huwa naipendekeza kwanza. Strat nyingi zimefungwa waya kwa utaratibu wa zamani: toni moja inashika pikapu ya shingo, nyingine ya kati, na ile ya daraja haina toni kabisa. Ndiyo maana inachoma masikio. Nalehemu waya mmoja mfupi ndani ya swichi, toni ya pili inaanza kuishika pikapu ya daraja, nashusha na pikapu zenyewe kidogo zisiwe karibu sana na nyuzi. Shilingi 15,000, unasubiri ukinywa chai. Nusu ya wanaokuja kudai "sauti nene" wanaondoka wameridhika na hiyo tu. Fundi anayetaka kukukamua hawezi kukuambia habari hii.

Wapo pia ambao shida yao hasa ni mngurumo. Mpiga gita wa kwaya moja alinijia amekwisha kubadilisha kebo tatu na amplifaya moja, na kanisani bado gita linanguruma kipindi chote cha mahubiri. Nikaenda mwenyewe. Nilipofika nikamwomba akae na gita akiitazama amplifaya, kisha ageuke taratibu, robo mzunguko. Mngurumo ukapungua karibu wote. Akarudi alivyokuwa, ukapanda. Pikapu ya koili moja inafanya kazi kama antena: inanasa umeme wa hertz 50 unaopita ukutani, kwenye transfoma ya amplifaya na kwenye taa, na inategemea imeelekea wapi. Hambaka ina koili mbili zilizozungushwa kinyume, kwa hiyo kelele inajiua yenyewe. Yule sikumwambia achimbe gita lake. Zipo hambaka nyembamba zenye umbo la koili moja, zinaingia kwenye tundu lilelile bila kugusa mbao. Tukafunga moja, gita lake likabaki zima, na siku akitaka kulirudisha lilivyokuwa inawezekana.

Kuchimba ndiko kunakoniumiza roho. Mwaka jana ililetwa kwangu Strat iliyopelekwa kwa seremala wa samani, kwa sababu bei yangu ya kupanua tundu na kufunga, shilingi 80,000, ilionekana kubwa. Seremala alitumia patasi. Kati ya tundu la pikapu ya daraja na lile la springi upande wa nyuma mbao ni nyembamba, na patasi ilitokea upande wa pili. Hambaka yenyewe ilinunuliwa bila kupimwa, vichwa vyake vya sumaku havikukaa chini ya nyuzi, kwa hiyo uzi wa kwanza ulisikika kama unatokea chumba cha pili. Nilitumia siku tatu kujaza mbao, kugundisha, kusugua na kuchimba upya kwa mashine na kiolezo. Mwenye gita alilipa mara tatu ya bei niliyomtajia mwanzo. Watu wakiniuliza kwa nini ni ghali, nawaonyesha picha za bodi ile.

Ukishaona kwamba unachohitaji kweli ni gita la pili, usiniulize lipi ni zuri. Niambie kwanza unapiga nini kwenye bendi. Bendi moja ya dansi walikuja wote watatu, wa solo, wa sekondi solo na wa rithimu, wakilalamika kwamba ukumbini sekondi solo haisikiki hata akipandisha voliamu. Wote walikuwa na magita ya mtindo wa Strat. Sauti tatu zilikuwa zinagombania nafasi ileile. Nikachukua gita la hambaka ukutani, nikampa wa sekondi solo, nikaweka pikapu ya shingo, wakapiga dakika kumi hapo hapo. Kila mmoja akasikika, na wa rithimu hakuhitaji kushusha kitu. Siku hiyo niliingiza soda mbili tu, lakini wiki iliyofuata walirudi kununua.

Kwa mtu wa rithimu nampa Telecaster kwanza. Fender wanaiuza kwa jina hilo tangu 1951 na haijabadilika sana, kwa sababu sauti yake inakata: kila mkwaruzo wa mkono wa kulia unasikika juu ya ngoma na besi. Kwa mtu wa solo wa mtindo wetu naongea naye zaidi. Solo ya dansi na ya seben inaishi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo). Les Paul shingo yake inaingia kwenye bodi karibu na freti ya 16, na kisigino chake ni kinene, kwa hiyo kule juu mkono unabanwa. Isitoshe mengi yana kilo nne au zaidi, na harusi zetu mnazijua zinaisha saa ngapi. Anayetaka hambaka na bado anapanda juu, namwonyesha mtindo wa SG wa Gibson, lile la pembe mbili lililotoka 1961: ni jepesi na freti zote zinafikika, ingawa kichwa chake kinapenda kushuka, kwa hiyo nunua mkanda mpana wa ngozi usioteleza. Lenye bodi nusu wazi, la aina ya ES-335, ni tamu sana kwa nyimbo za taratibu. Ila ukilisogeza karibu na amplifaya iliyofunguliwa sana linapiga mluzi, na kwenye jukwaa finyu la baa utahangaika nalo.

Na magita ya mtindo wa Gibson yana kichwa kilicholala nyuma, shingo ya mbao laini, na pale kwenye nati mbao ni nyembamba. Likianguka kifudifudi au chali, linakatika hapo. Usiliegemeze kwenye amplifaya. Usilipakie bodaboda kwenye begi la kitambaa. Likikatika, tafadhali, usilipake supagluu. Nikiletewa lenye mbao safi nalirudisha likawa imara, lakini lenye supagluu lazima kwanza nikwangue gundi yote, na ukikwangua gundi unakwangua na mbao.

Gita lolote la pili, hata jipya dukani, linahitaji kusetiwa: shingo inyooshwe, nati ichongwe, daraja lipangwe ili freti ya 12 ilingane na uzi mtupu. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, gita lililotoka nchi ya baridi shingo yake itasogea, kwa hiyo mimi hulikalisha karakanani siku kadhaa ndipo nisete. Hiyo ni 50,000 pamoja na nyuzi mpya. Ukinunua kwangu imo ndani ya bei. Ukinunua kwingine, lilete kabla hujaenda nalo jukwaani.

Yule kijana wa harusi tulikaa naye. Nilimpa Les Paul niliyonayo akapiga nusu saa kwenye amplifaya yake mwenyewe, kisha akachukua Strat yake. Alinyamaza muda, akasema anabaki na hiyo Strat, nimpunguzie tu hambaka urefu kidogo na nimwekee nyuzi za 10 (namba hiyo ni ya unene wa uzi wa kwanza). Nilifanya bila kumtoza. Nawe ukija, njoo na amplifaya yako na pedali zako. Jumatatu na Jumanne kuna utulivu, na magita yote manne yako ukutani.