Kinyama kinapimwa wapi?

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu nikiwa naliazima dukani, na sijawahi kukusumbua kwa barua. Ile habari ya alama za kinga kwenye saratani ya mlango wa kizazi imenishinda.

Sikatai, mwandishi wako kaieleza vizuri: uvimbe hujivika protini ya PD-L1, hiyo ikishikana na PD-1 iliyo kwenye chembe za kinga, askari wa mwili wanazimwa, na dawa ya pembrolizumab huzuia zisishikane. Marekani waliiruhusu kwa saratani hii mwaka 2018, kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umesonga mbele licha ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, na kinyama chake, kile kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe, kimekutwa na alama hiyo ya PD-L1. Hapo mwandishi akafunga kalamu. Hicho kinyama kinafikaje maabara?

Mwaka juzi dada yangu alikatwa kinyama katika hospitali ambayo siitaji, wenyewe wanajijua. Nesi akanikabidhi kikopo cha plastiki, jina limeandikwa kwa wino juu ya plasta, nikipeleke mjini kwa basi. Nikakipakata njia nzima. Kifuniko hakibani, formalini, ile dawa ya maji ya kuhifadhi kinyama kisioze, ikavuja, wino ukafutika. Dirishani kijana wa maabara akakigeuzageuza kwenye mwanga, akasema sampuli isiyo na jina hapokei. Nikamwambia jina ninalo mimi, la mtu tuliyezaliwa tumbo moja! Akagoma, na kinachoniuma ni kwamba yeye alikuwa sahihi. Dada akakatwa upya, akavuja damu upya, tukalipa upya, na ugonjwa muda wote huo haukwenda likizo. Halafu mnatusomea alama za kwenye darubini wakati kikopo chenyewe hakina kifuniko cha maana!

Na hizo kampeni za upimaji bure wa saratani hii? Wanawake wanapanga foleni tangu alfajiri, mgeni rasmi anafika saa sita, hotuba, fulana kwa kila mtu, kisha wanaambiwa warudi kesho, siki ya kupaka mlango wa kizazi ili penye dalili paonekane imekwisha. Siki, Mhariri! Inauzwa dukani.

Mkiandika tena habari ya dawa kama hiyo, wekeni chini yake kisanduku: bei ya dozi moja kwa shilingi (Marekani inapita dola 10,000, na hurudiwa kila wiki tatu), na maabara inayopima hiyo alama hapa nchini. Kama haipo, andikeni haipo. Mwandishi wako naye aje apeleke kikopo kinachofuata. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Aje na penseli, formalini haiifuti.

Kaka wa mgonjwa,
Singida