Injini hiyo isifunguliwe kijiweni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Pikipiki haijamaliza hata miezi miwili, na tayari oili inavuja upande wa klachi. Unasema fundi wa hapo kijiweni anadai ni gasketi tu, ataifungua leo jioni. Nakuomba sana, asiiguse.

Najua kwa nini unataka iishe leo. Uko kwenye mkataba, na hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye pikipiki haisubiri pikipiki iliyolala gereji. Lakini ile pikipiki yangu ya kwanza, ya kubebea mpunga kutoka shambani kuja Ifakara mjini, ilianza hivihivi. Nikamwita fundi chini ya mwembe, mtu mwaminifu kabisa, akafungua kava, akapaka silikoni, akafunga. Baada ya wiki mbili injini ikaanza kugonga. Nilipoifikisha kwa wakala wa kampuni, kijana wa gereji hakuuliza hata ilianzaje. Alimulika tochi kwenye vichwa vya bolti vilivyochubuka, akaona silikoni nyekundu imechungulia pembeni, akanirudishia kitabu cha sevisi. "Mzee, hii imeshafunguliwa nje." Waranti, ile dhamana ya kiwanda ya mwaka mzima, ikaishia pale. Pistoni na ringi nikanunua kwa hela ya mbegu. Inaniuma hadi leo, maana ubovu wa kiwandani ulikuwepo kweli, ila ushahidi niliufuta mwenyewe.

Injini ikipoa, ifute kwa kitambaa hadi vumbi lote litoke. Iwashe dakika kumi, izime, uchungulie oili inachomozea wapi. Piga picha hapo, na nyingine ya mita. Ila kabla ya kuiwasha, pima oili yenyewe: ikiwa imeshuka chini ya alama, usiiwashe wala kuiendesha, ipakie kwenye bajaji ya mizigo.

Kisha mpigie tajiri kabla hujaenda popote. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kadi ya pikipiki viko kwake, na waranti inamhusu yeye aliyenunua. Sevisi ya kwanza uliipeleka kwa wakala? Muhuri upo kitabuni? Hayo ndiyo watakayoyatazama kwanza.

Ukifika gereji, wasiandike "sevisi" kwenye fomu ya kupokelea. Waandike "oili inavuja upande wa klachi", na kilomita, na tarehe. Maneno hayo yana uzito mkubwa. Waranti nyingi zina kikomo cha miezi au cha kilomita, kinachotangulia ndicho kinachohesabika, na bodaboda kilomita zinakimbia. Tatizo likirudi muda ukiwa umepita, fomu hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulilalamika mapema. Ondoka na nakala yako. Breki, balbu na tairi usivigombanie, hivyo huchakaa na kwa kawaida havimo.

Wakikuzungusha, tajiri aandike barua, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa kawaida humchukulia muuzaji kuwa ameahidi kitu kinachofaa kwa kazi yake, na malalamiko ya wanunuzi hupelekwa Tume ya Ushindani, ile FCC. Zungumza kwa adabu, lakini usiondoke bila karatasi.

Nimekutumia elfu ishirini ya hesabu ya siku mbili, usije ukarudi kwa huyo fundi kwa sababu ya njaa. Mama yako anakusalimu. Hizo picha nitumie usiku huuhuu, nizitazame.

Baba yako