Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Manahodha na Watembeza Wageni wa Kizimkazi

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Hesabu za mwaka atazisoma mshika fedha, na habari za uchaguzi wa kamati zimo katika ajenda mliyogaiwa mlangoni, kwa hiyo sitazirudia. Nimeomba muda wenu kwa jambo moja tu, nalo ni ahadi anayopewa mgeni pwani kabla boti haijang'oa nanga.

Mnajua wenyewe maneno yanavyokwenda. Mgeni huambiwa, tena mara nyingi na papasi, yule dalali wa wageni, asiyepata kutia mguu botini, kwamba pomboo lazima ataonekana, kwamba ataogelea naye, na kwamba asipomwona atarejeshewa pesa zake. Mzigo wa ahadi hiyo humwangukia nahodha. Akifika baharini akakuta boti nyengine zimeshalizunguka kundi, subira humwisha: huongeza mashine, huwakata pomboo mbele, huwatumbukiza wageni karibu na migongo yao, na wakizama hugeuza omo kuwafuata kule wanakoibukia. Kwa miaka mingi tumewalaumu manahodha kwa pupa, na wenye pupa kweli wapo, lakini mimi naona kosa linaanzia nchi kavu.

Pomboo si samaki. Huvuta pumzi kama sisi, hunyonyesha, na hata anapolala nusu ya ubongo wake hubaki macho ili aweze kuibuka, kwa hiyo usingizi wake ni mwepesi kukatika. Utafiti uliofanywa katika maji yetu haya na kuchapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba boti za watalii zinapokuwapo, pomboo hupunguza kupumzika na kuchezeana, wakazidisha kusafiri. Kwa lugha ya kwetu, tunawachosha. Jike hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla hajazaa tena. Watafiti waliowahesabu kati ya mwaka 1999 na 2002, kwa kuwatambua kwa alama za mapezi yao, hawakufikisha 200 kwa pomboo wa kawaida wa hapa, wale wenye pua ya chupa, na wale wenye nundu mgongoni hawakufika hata 100. Hawa wenye nundu ndio ambao Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, limewaweka katika daraja la walio hatarini kutoweka. Basi tusidanganyane kwamba bahari ni pana na wengine watakuja.

Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo wa hapa walikuwa wakipigwa ili wawe chambo cha papa, na baadhi ya waliofanya kazi hiyo wamo humu ukumbini wala hawatanikana. Kazi ile iliachwa wakati biashara ya kuwaonesha wageni iliposhika, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa eneo la hifadhi. Kwa hiyo biashara yetu iliwaokoa pomboo kabla haijaanza kuwasumbua, na ndiyo maana sioni haja ya kuifunga kama wengine wanavyotaka.

Kuhusu nyavu za jarife, ambazo pomboo hunasa ndani yake usiku na kufa kwa kukosa pumzi, tumezungumza na wavuvi wenzetu na bado hatujakubaliana. Siwalaumu, maana mtu hawezi kuambiwa aache wavu wake na mtu ambaye jana alikuwa akimfukuza pomboo yuleyule kwa mashine mbili.

Nyangumi wa nundu, wanaotufikia kuanzia mwezi wa Julai wakati wa kusi wakitokea bahari ya kusini karibu na barafu, huja katika maji ya joto kuzaa na kupandana, na wakati wote huo takriban hawali, bali huishi kwa mafuta ya miili yao. Mama aliye na mtoto akilazimishwa kukimbia hutumia akiba ambayo hawezi kuirudisha hadi arejee kusini. Kwa hao kamati haina mjadala: wageni watazame kwa mbali, mashine ikiwa taratibu, na mtu asiingie majini.

Mwaka huu faini ya kukata mbele tuliitoza mara chache kuliko makosa yaliyotendeka, na moja ya boti zilizotozwa ni yangu. Aliyekuwa usukani ni mwanangu, na aliponieleza kwamba mgeni alikuwa ameshaahidiwa, nilikosa la kumjibu, kwa sababu aliyeahidi ni mimi.

Pendekezo la kamati, basi, ni kwamba nauli iwe ya safari, si ya pomboo, na kwamba mwanachama yeyote, au papasi anayemletea wageni, asiahidi kuonekana wala kuogelea. Baharini boti zisizidi mbili kwa kundi moja, zikaribie kwa ubavuni na kwenda sambamba nalo, zisubiri zamu kwa mbali, na zikiona kundi limegeuza njia ziliache. Kundi lenye mama na watoto, wageni wasiogelee nalo kabisa. Najua kuna watakaosema kwamba wageni watahamia kwa wanaoahidi, na hoja hiyo ni nzito. Ndiyo maana nimeomba isijibiwe na mimi peke yangu. Mjadala utafunguliwa baada ya sala ya Alasiri, na kura itapigwa kwa kunyoosha mikono, ili kila mmoja amwone mwenzake.