Barua kwa Chebet

Milimani, Kisumu
Jumapili jioni

Mpendwa dada Chebet,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na Mama na watoto. Sisi huku hatujambo. Naomba radhi kwa kunyamaza tangu Pasaka. Kazi ya maabara ilinimeza, na ni kazi hiyo hiyo inayonifanya nikuandikie leo, kwa kuwa nina ombi ambalo wewe uliye karibu na viwanda vya chakula cha mifugo hapo Nakuru unaweza kunitimizia.

Unakumbuka nilivyokueleza habari za vimiminika vya ayoni, yaani chumvi zinazoyeyuka kabla ya kufikia nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali chumvi ya mezani husubiri hadi nyuzi 801? Ayoni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ni kubwa na hazilingani kwa umbo, hivyo hazipati kupangana na kushikamana, na chumvi hubaki majimaji. Paul Walden aliandika juu ya chumvi moja ya namna hiyo mwaka wa 1914, nayo iliyeyuka kwa nyuzi 12 tu. Tulizipenda kwa sababu karibu hazitoi mvuke, tofauti na viyeyushi vya kawaida vinavyotuumiza vichwa kila tufunguapo chupa, na kwa sababu baadhi yake huyeyusha na kuchochea mmenyuko wa kikemia kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, kutotoa mvuke si sawa na kutodhuru, na hilo nimelijua kwa uchungu. Tulikuwa tukitengeneza esta, yaani kemikali zinazozaliwa asidi inapoungana na alkoholi, ndani ya chumvi ya imidazoli yenye heksafluorofosfeti, ayoni iliyobeba florini, tukaipasha moto pamoja na asidi, na maji yanayozaliwa na mmenyuko wenyewe yalikuwemo humo humo. Nilipoiosha chupa niliona kioo kimefifia kwa ndani, kama dirisha lenye ukungu asubuhi ya mvua. Nilisugua, ukungu haukutoka. Nilipopitisha kijiti cha kioo nilisikia kikikwaruza. Ukungu ule ulikuwa kioo chenyewe kilicholiwa. Heksafluorofosfeti ilikuwa imevunjwa na maji na kutoa haidrojeni floridi, ambayo hula kioo, hupenya ngozi, na wakati mwingine maumivu yake huchelewa kwa saa kadhaa. Hapo nikakumbuka kwamba wiki iliyotangulia Otieno aliiosha chupa hiyo hiyo bila glavu. Ni mzima, namshukuru Mungu, lakini kila nikimwona mikono yake... Tumeomba jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka ngozi iliyoguswa na haidrojeni floridi, mara tatu, na mara tatu tumeambiwa tusubiri bajeti. Sitaigusa tena chumvi ile, wala sitamruhusu mwanafunzi yeyote aiguse.

Basi, ombi langu ni kolini kloridi, ile ile inayotiwa katika chakula cha kuku. Mwaka wa 2003 Abbott na wenzake kule Leicester walionyesha kwamba kolini kloridi, inayoyeyuka kwa nyuzi 302, ikichanganywa na yurea, inayoyeyuka kwa nyuzi 133, huzaa kimiminika kinachoganda kwa nyuzi 12 tu. Hiki si kimiminika cha ayoni hasa, kwa kuwa yurea haina chaji, lakini ni binamu yake wa karibu. Nilijaribu kwa gramu chache zilizosalia kabatini: gramu 14 za kolini kwa 12 za yurea, kwa nyuzi 80. Unga ulianza kulowa pembeni, ukawa kama uji mzito, kisha ukang'aa kama maji. Asubuhi ulikuwa bado majimaji. Kwa esta zetu nitaiondoa yurea na kuweka asidi ya toluini salfoniki, tuliyo nayo, ili mchanganyiko huo uwe kiyeyushi na kichocheo pia, bila floridi yoyote.

Tafadhali uangalie sana, dada. Unga wa madukani mara nyingi huwa na asilimia 60 tu ya kolini, iliyobaki ikiwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, na huo hautanifaa. Ninahitaji fuwele nyeupe, safi, nusu kilo tu, katika chombo kisichopitisha hewa, kwa sababu hunyonya unyevu upesi, na hewa ya ziwa letu ina unyevu tele.

Je, yule rafiki yako wa kiwandani bado yuko? Wanaweza kuuza kiasi kidogo hivyo, au ni magunia matupu? Wana cheti kinachoonyesha usafi wake? Ukiipata, utaituma kwa matatu ya asubuhi, au nimwombe Mwalimu Barasa aipitie atakapotoka Njoro? Na mguu wake umepona? Nijibu kabla ya Ijumaa ukiweza, kwa maana wanafunzi wanaanza tena Jumatatu na chupa ile iliyoliwa ningali nimeifungia kabatini.

Akusalimuye kwa upendo,
Akinyi